Mashoto wa Ndau

Nikiulizwa ni nani aliyekuwa mchezaji bora wa kirumbizi hapa Amu, hunyamaza, na vijana hudhani uzee umenipotezea kumbukumbu. Jina ninalo. Ila mwenye jina hilo nilimharibu mimi, kwa mikono yangu na kwa mdomo wangu.

Aliitwa Mselem, mvuvi wa kisiwa cha Ndau, mfupi, mwembamba, umri wake kama miaka ishirini. Alikuja mjini kuuza ng'onda, samaki wake wa kukausha, miaka michache kabla ya Waingereza na Wajerumani kuanza vita vyao. Siku hiyo palikuwa na harusi mtaa wa Mkomani na zumari ilikuwa ikilia. Wawili wawili waliingia uwanjani na bakora, mmoja akipiga, mwenzake akikinga, kama ilivyo desturi ya kirumbizi. Mselem akaomba bakora, akasimama mbele ya Mahmud.

Mahmud huyo alikuwa pande la mtu. Kwa miaka kumi na tano hakuna aliyemgusa. Alipiga mara tatu, na mara zote bakora yake ikakutana na ya Mselem. Mara ya nne Mselem akamgusa bega, kidogo tu, akarudi nyuma kwa adabu. Vigelegele vilitoka mpaka madirisha ya juu.

Wenzangu walishangilia. Mimi, ambaye goti langu lilikuwa limekufa na kazi yangu ilibaki kupanga wachezaji, nilianza kupima. Mahmud katika umri huo alikuwa mrefu zaidi. Fadhil, bingwa wa mji wa Faza, alikuwa na kifua. Na wakubwa wote hawa hupigia mkono wa kulia, lakini huyu alishika bakora kwa kushoto. Nikamwona kama mlango uliotiwa bawaba upande usio wake.

Kesho yake alikuja kwangu.

"Bwana Khatib, nataka kuteza upande wa Amu, siku watakayokuya watu wa Faza."

Siku hiyo ilikuwa harusi ya mwana wa Bi Umulkheir, miezi mitatu mbele, na Fadhil angekuwapo. Mtu wa Ndau kusimama kwa niaba ya Amu! Husemwa mcheza kwao hutuzwa, naye hakuwa kwao. Nilijua anavyolitamani jambo lile.

"Utateza," nikamwambia, "lakini kwa mkono wa kulia, kama wakubwa."

Akautazama mkono wake wa kulia. "Huu hauna mato, Bwana, hauoni."

"Utayapata."

Kila siku baada ya alasiri nilimfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kilemba changu, uani kwangu. Akikosea nilimwambia Mahmud hangepiga hivyo, Fadhil hangesimama hivyo. Naye kila mara alianza pigo upya. Mahmud mwenyewe alipita akatutazama, kisha akanivuta kando.

"Mwate ateze kwa mkono wake, Khatib. Ule wa kushoto mimi sikuuona ukiya."

Nikadhani anatafuta udhuru wa bega lake. Nikamjibu kwamba mtu mzima akishindwa na akubali. Akaenda zake. Najuta neno lile mpaka leo.

Siku ya Faza ikafika, uwanja ukajaa. Fadhil akapiga, Mselem akakinga kwa kulia. Akapiga tena, akakinga. Sitasema uongo, nilivimba kichwa. Pigo la tatu lilitoka juu, likielekea kichwani, na mkono wa kulia ukachelewa. Wa kushoto, ambao siku hiyo haukufungwa, ukapanda wenyewe, na ukawahi. Uliwahi kabisa, ila ulikuwa mtupu. Nilisikia vidole vikivunjika licha ya zumari.

Fadhil akaitupa bakora yake chini. "Huyu ni mashoto! Ni nani alompa bakora mkono usokuwa wake?"

Watu wote wakanitazama. Majuto ni mjukuu, lakini yangu yalizaliwa papo hapo.

Mganga wa mifupa alimfunga, lakini vidole vitatu vilibaki vimepinda. Mkono ule haukuweza tena kuvuta mshipi. Mselem akarudi Ndau, akabaki kuwapaa magamba samaki waliovuliwa na wenzake.

Nilikaa mwaka mzima kabla ya kupata uso wa kumwendea. Alinipokea vizuri, akaniwekea sinia ya wali, tukala pamoja. Nilikuwa nimelipanga neno langu la kuomba radhi tangu nilipoondoka Amu. Kabla sijafungua kinywa, yeye akaniuliza, taratibu, kama mtu aliyelihifadhi swali lake siku nyingi.

"Bwana Khatib, yale mapigo mawili ya mwanzo, naliteza kama Mahmud?"

Nikasema ndiyo. Akatabasamu, akanisogezea kipande kikubwa cha samaki. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba Mahmud alikuwa akimwogopa yeye, alipocheza kama Mselem, kwa kushoto.