Pikipiki ya Babu na Magunia Mawili ya Majani

Kwetu kuna pikipiki nne na mtu mmoja mwenye akili, na mtu huyo si baba. Namaanisha kogo, nyanya yangu, mama yake baba. Usidhani nilikuwa nataka kujisifu. Kujisifu nitafika.

Pikipiki tatu ni boda. Nyekundu zote, zinafanana kama vifaranga vya siku moja, na zinaendeshwa pale Litein na vijana watatu ambao wanaamini breki ni za waoga. Ya nne ni ya babu. Nyeusi, tanki ndefu kama nguruwe aliyelala, taa ya mbele kubwa kama sufuria ya ugali. Babu aliinunua akiwa karani wa kituo cha majani chai, enzi ambazo wazee wote hapa husema mambo yalikuwa matamu, ingawa kwa picha zao zote wamenuna. Alipokufa aliacha shamba, ng'ombe na hiyo pikipiki. Watu wazima wakagombania shamba na ng'ombe. Pikipiki ikabaki na kogo.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baba humpeleka kogo kanisani na hiyo pikipiki. Kogo hukaa miguu upande mmoja, kitambaa kichwani, mkoba wa Biblia mapajani, vile vile alivyokuwa akibebwa na babu. Hapandi boda. Hapandi gari la mtu. Jumamosi inayotangulia huipangusa tanki kwa mafuta ya kujipaka, yale yale anayopaka miguu, kwa hivyo vyote huenda kanisani vikimeta sawa. Usimwulize kwa nini. Mimi nilimwuliza, nikaambiwa ng'ombe hawajakamuliwa.

Sasa bima. Likizo ya Aprili bima za boda zilikuwa zinaisha, na baba akaamua ile ya babu nayo iwekewe, maana polisi walikuwa wameanza kusimama barabara ya kanisa hata Jumapili. Mtu wa kawaida angeuliza wanaojua. Baba alienda kuuliza wazee wa pale tunapopeleka maziwa, ambao hakuna hata mmoja mwenye pikipiki. Wa kwanza akamwambia aweke zote nne kwa kava moja ya bima, ni kama kununua sukari ya jumla. Wa pili akamwambia asiweke yoyote, Mungu yupo. Wa tatu alikuwa anangoja maziwa yake yapimwe, akasema anakubaliana na hao wawili. Baba akarudi nyumbani ametosheka, utadhani ametoka chuo kikuu.

Na mimi, ambaye bima nimeisoma, hakuniuliza. Iko kwenye somo la Biashara. Mwalimu alitufundisha kwamba anayeweka bima lazima aseme ukweli wote, hata ule ambao hajaulizwa, halafu akatoka darasani akaingia kwenye gari lake, ambalo stika yake ya bima ilikuwa imeisha mwaka jana. Nikaielewa bima siku hiyo hiyo.

Ajenti wa bima alikuja Jumanne. Viatu vyake vilikuwa vimechongoka mbele kama mdomo wa kunguru, na kwa matope yetu alitembea kama kuku aliyekanyaga makaa.

"Boss, uko na machine nne," akasema. "Hizi tatu za kazi nakuwekea third party, kava ya boda. Ukigonga mtu ama ng'ombe wa mtu, kampuni inalipa. Yako ikivunjika, hiyo ni wewe na Mungu."

"Na ile?"

Ajenti akaizunguka ile ya babu, kisha akaipiga tairi teke. Kogo alikuwa mlangoni akichambua mboga za managu. Hakuinua kichwa.

"Wewe, nani alikufundisha kusalimia na mguu?"

"Pole, kogo."

Akaeleza kwamba kuna njia mbili. Ama tuiunganishe na boda, ama tuiwekee kava yake peke yake, ya pikipiki za zamani. "Kwa vile uko na zingine za kazi," alimwambia baba, "hii haitatembea sana. Kampuni inapenda hapo. Bei inakuwa chini, na ikianguka tunaitengeneza. Lakini lazima tukubaliane thamani yake sasa, mapema. Ni ya ngapi?"

"Andika haiuzwi," kogo akasema.

"Kogo, hapa panataka namba."

"Si iko na namba pale nyuma? Andika hiyo."

Baba akataja bei yake mwenyewe haraka kabla mama yake hajaendelea. Kisha yakaja maswali.

"Inalala wapi?"

"Kwa store ya mahindi."

"Store iko na kufuli?"

"Iko na mbwa."

Ajenti akaandika kufuli. Nilimwona kwa macho yangu.

"Inatembea lini?"

"Kanisa, mara moja kwa mwezi."

"Inabeba mzigo wowote?"

"Hapana," baba akasema, uso safi kama wa mtoto anayebatizwa.

Fomu ilikuwa kurasa sita. Baba aliisoma kama vile watu wa hapa husoma fomu: alitafuta mstari wa kutia sahihi. Mimi ndiye niliyeisoma yote, si kwa bidii, ni vile bando ya simu ilikuwa imeisha. Ukurasa wa nne ulisema pikipiki isibebe bidhaa wala mazao, la sivyo hakuna malipo.

"Baba, hapa wamesema isibebe mazao."

"Imebeba mazao lini? Enda usome za shule."

Ajenti akanipa namba yake ili nimtumie picha za pikipiki kutoka pande zote nne. Nikamtumia. Kumbuka hapo.

Wiki mbili baadaye mvua ilikuwa imekolea na majani ya chai yakachipuka kama yanayofukuzwa. Alhamisi ilikuwa zamu yetu ya lori la kuchukua majani. Wachumaji walikuwa wamejaza magunia mawili ya neti, na kutoka kituoni tukasikia honi. Boda ya kwanza ilikuwa imepeleka mgonjwa hospitali ya Longisa. Ya pili ilikuwa Sigor, kwa sababu zinazojulikana na mwendeshaji na msichana fulani. Ya tatu ilikuwa kwa fundi, imepinduliwa matumbo nje. Na majani yakilala hugeuka mekundu, karani huyakataa, na jasho la siku nzima linakuwa chakula cha ng'ombe.

Baba akaitazama pikipiki ya babu. Mimi nikamtazama baba.

"Usianze," akaniambia, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Akayafunga magunia kwa kamba ya mpira pale pale anapokaa kogo, moja juu ya lingine, akaondoka akiwa ameinama mbele kama mtu anayesukumwa na ukuta. Mimi, raia mwema, nikapiga picha. Nikaiweka kwenye status ya simu, na maneno chini yake: "Leo hata majani yameokoka, yanapelekwa kanisani." Ilikuwa nzuri, niseme tu ukweli. Watu wengi walicheka.

Baba hakufika. Kwenye kona ya chini, pale matope huteremka kutoka shamba la jirani, tairi ya mbele ilienda upande wake na yeye akaenda upande wake. Tulipofika alikuwa amesimama, amechunika kiwiko tu. Majani yalikuwa yametandazwa barabarani kama zulia la bibi harusi. Pikipiki ilikuwa kwenye mtaro, fork inayoshika tairi ya mbele imepinda, tanki imebonyea, taa kubwa imekuwa vipande.

Kogo alikuja polepole na fimbo yake. Hakumwuliza mwanawe kama ameumia. Aliinama akaokota vioo vya ile taa, kimoja kimoja, akavitia kwenye leso yake. Jumapili ya kwanza ilikuwa siku kumi mbele.

"Nitaenda na nini?" akauliza.

Lori lilisikika likiondoka.

"Iko na bima, mama," baba akasema. "Wataitengeneza."

Ajenti alikuja kesho yake na viatu vile vile. Baba, mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, akamtazama usoni akasema alikuwa anaelekea maombi.

"Maombi ya Alhamisi?"

"Ya kufunga."

Ajenti akatoa simu. Kwenye kioo palikuwa na baba, magunia mawili, na utani wangu chini. Namba zetu zilikuwa zimejuana tangu zile picha za pande nne. Jana yake huyo huyo ajenti alikuwa ameniwekea emoji tatu za kucheka, na mimi nikafurahi kuwa mtu mkubwa ameelewa utani.

Baba hakunitazama. Alisema kitu kingine, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuwa amedanganya kwenye fomu.

"Lakini hiyo si mzigo," akasema. "Hiyo ni majani."

Alimaanisha kabisa. Kwetu mzigo ni simiti, ni mbao, ni kitanda cha mtu anayehama. Majani ya shamba lako ni kama kikohozi chako, nani atakuambia umekibeba? Yanaenda kwa kichwa, kwa wilibaro, kwa punda. Mimi mwenyewe nimewahi kuyapeleka kituoni kwa begi la shule, na daftari langu la Kemia linanukia hadi leo. Ungeuliza mlima mzima huu swali la ajenti, mlima mzima ungejibu hapana. Lakini yeye, ambaye viatu vyake havijawahi kuingia katikati ya michai, angejuaje kuuliza vizuri?

"Boss, karatasi haijui hivyo," akasema. "Kampuni haitalipa."

"Na kufuli?" nikaropoka. "Uliandika kufuli na sisi tuko na mbwa."

Mbwa, ambaye hajawahi kunisaidia kwa lolote, alikuwa amelala akijikuna.

"Kijana, unataka na hiyo niipeleke ofisini?"

"Nyamaza," baba akaniambia. Kogo alikuwa ananitazama, leso ya vioo mkononi, na hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Basi nilisukuma pikipiki ya babu hadi Litein, mimi nyuma na baba mbele ameshika usukani. Fundi alisema fork ya pikipiki kama hiyo haipatikani, labda kaburini. Akaiwekea ya boda. Akaiwekea taa ya boda na madigadi ya boda ya kuzuia matope, nyekundu. Likizo yangu yote iliyobaki nilikuwa nikimshikia spana, na karo iliishia kwake, kwa hivyo nilirudi shule nikiwa nimechelewa wiki nzima, mateso ambayo niliyavumilia kwa ujasiri mkubwa.

Ajenti akaja kuitazama. Akaizunguka. Safari hii hakuipiga teke.

"Hii si ya zamani tena," akasema. "Nusu ni boda. Kava yake nimeifuta. Nitaiweka pamoja na zile tatu, lakini ni sheria ya boda: dereva na abiria, helmet na reflector."

Kwa hivyo baada ya fomu, picha, kurasa sita na uongo wa pande zote mbili, tulifika pale pale alipotuambia yule mzee wa sukari ya jumla. Sasa ikianguka tena, ng'ombe wa jirani atalipwa. Sisi hatulipwi.

Jumamosi kogo aliipaka tanki mafuta, akapitisha kitambaa pale palipobonyea, akaiacha madigadi nyekundu bila kuigusa. Nilijua atakataa kwenda. Jumapili asubuhi akatoka na gauni lake la kanisa, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo nguo ya polisi."

Nikamvalisha reflector ya kijani juu ya gauni. Helmet ikakaa juu ya kitambaa, imeinama kidogo. Akapanda, miguu upande mmoja. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, imejaa chaji, na ikabaki huko.

Niliwafuata kwa miguu, kwa njia ya mkato, maana baba aliendesha polepole. Nilipofika kanisani walikuwa ndio wanashuka, na watu wote wamegeuka. Ajenti alikuwa mlangoni, suti na viatu vyake, kumbe pia yeye huokoka.

"Kogo, umependeza," akasema.

Kogo akavua helmet, akampa ashike kama anayempa mtumishi.

"Andika imefika," akamwambia, akaingia ndani.

Na yule mjinga akaanza kupapasa mifuko akitafuta kalamu.