Gunia la Makala la Kilio cha Bel-Air

Kumtafuta babu kumenigharimu gunia moja la makala, yaani makaa, na kamba moja ya kiatu. Nimehesabu mara mbili. Vyote viwili vimenirudia, na laiti visingerudi. Usicheke kwanza. Mimi ni mtu wa soko. Uongo ninawawekea wateja, siyo babu yangu.

Baba amelala mgonjwa kwangu, mtaa wa Hewa Bora, na ombi lake ni moja: azikwe kando ya baba yake, ambaye hakumwona hata siku moja. Kaburi liko wapi? Kitabu cha zamani cha wafanyakazi wa mgodi kilikuwa na jina la babu na neno moja mbele yake: amekufa. Nikahamia kwenye magazeti ya zamani, yale yanayomeguka ukiyapumulia. Siku ya tatu nikapata tangazo la mistari minne: kilio, yaani matanga, kiko mtaa wa Bel-Air, avenyu na namba ya nyumba. Mazishi? Hata neno.

Nikaenda saa kumi za mchana, labda jirani mzee anakumbuka kitu. Kumbe ndani ya ua kuna kilio: viti, wamama kwenye mikeka, moto. Kilioni huingii mikono mitupu. Nikanunua makala pembeni, nikapunguza bei mpaka muuzaji akakasirika, akanipa gunia bila kulifunga. Nikalifunga mdomo kwa kamba ya kiatu changu cha kushoto.

Mama mwenye kaye, daftari la michango, akaandika jina langu. Nikamuuliza nani amekufa. Akataja jina la babu.

Niamini, mdomo ulitangulia akili: "Niko mujukuu wake."

"Bantu, musikie uyu! Mutoto wa marehemu bado hayatembea hata, yeye iko analeta mujukuu!" Ua mzima ukacheka. Kisha akasema polepole, "Tunangojea mama yake amulete na treni ya Kamina. Maiti haitoki hapa mbele ya mutoto kufika. Ikaa, papa, ukule."

Treni ile Baba hakuipanda. Habari zilimfikia mama yake miezi imekwisha kupita.

Nikatoka barabarani kumpigia Baba simu. Nilipogeuka, hapakuwa na kilio. Kulikuwa na gereji, na fundi ananiuliza: "Papa, motokari iko wapi?" Gereji iko pale tangu yeye mtoto. Nikaangalia miguu: viatu viwili, kamba moja.

Sasa, kwetu mchango wa kilio haulipwi kwa asante. Jina lako liko ndani ya kaye. Watakurudishia siku wewe umefiwa. Juzi asubuhi nikakuta gunia mlangoni, limefungwa kwa kamba yangu. Nikalipeleka gereji, fundi akashukuru sana. Jana asubuhi liko mlangoni tena.

Baba akauliza kutoka chumbani, "Makala ya nini? Kuko kilio?"

Nikamwambia ya kupikia.

Nyumbani tuko wanne. Kila asubuhi ninatuhesabu mara mbili, nikisikiliza pumzi.

Wewe unayesoma, ukikuta kilio ndani ya gazeti la zamani, kiache humo humo. Usiandikishe jina. Na kama unajua dawa, nishauri: gunia hili nimrudishie nani? Habari ya treni sijamwambia Baba hata kidogo, na tangu jana mchana ananiuliza inafika saa ngapi.