Sidii ya Mjomba Salim

Sisi tuliokulia Kisauni zama zile za sidii na flashi tunajua kwamba kuwa na kompyuta nyumbani lilikuwa jambo la kutangaziwa mtaa. Mchana tulicheza kibe na nage mpaka miguu ikawa myeupe kwa vumbi, tukala viazi karai kwa ukwaju, tukanyonya mabuyu hadi midomo ikawa myekundu kama ya bibi harusi. Alasiri tulikimbilia madrasa na vitabu kifuani. Watoto wa leo ukiwaambia watoke nje wacheze, wanakuuliza huko nje kuna waifai?

Kompyuta yetu ilitoka Shanzu, kwenye hoteli aliyofanya kazi Baba kama mtunza stoo. Hoteli ilileta mashine mpya, zile kuukuu wakagawiwa wafanyakazi. Kabla ya kugawa, fundi wao alifuta kila kitu akatia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows. Baba hakujua Linux ni nini. Alijua tu kwamba ameibeba kompyuta kutoka steji hadi kwetu Bakarani, watu wakimtazama, na Mama akaifumia kitambaa cha kuifunika kama televisheni.

Aibu yetu ilianza siku ile ile. Jirani yetu, Bi Mwanamkasi, alikuwa na kompyuta ya Windows, na wanawe walikuwa wakipiga nyimbo kwayo hadi madirisha yakatetema. Yetu ilikuwa bubu. Ukifungua wimbo, ule mstari unatembea kama kawaida lakini sauti haitoki. Watoto wa mtaa wakaipa jina, Bubu. Nikitumwa dukani nasikia nyuma yangu, "We, Bubu hajambo?" Nilikuwa darasa la saba, umri ambao jina kama hilo linakuingia mpaka kwenye mifupa.

Kaka yangu Twaha ndiye aliyeapa kuitibu. Alienda saiba ya Mlaleo, kwenye intaneti ya kulipia, akasoma waliyoandika watu wa mbali waliokuwa na tatizo kama letu, na kwa kuwa hakuwa na karatasi, akaziandika amri zile kwa biro mkononi, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mama akamwona na kusema, "Mwanangu, umeanza kuchanjwa na waganga?" Twaha akakaa chini, akasoma mkono wake, akapiga herufi moja moja. Kompyuta ikaitambua kadi yake ya sauti. Sauti ya kwanza ilitoka kwa kishindo, paka akaruka dirishani, nasi tukakumbatiana. Tukadhani aibu imekwisha.

Kumbe ilikuwa inajipanga.

Mjomba Salim, kaka yake Mama, alikuwa Muscat miaka mingi. Kila aliyerudi kutoka huko alileta salamu zake: Salim ana duka, Salim mambo yake mazuri. Bibi, mama yao, aliishi nasi, na mtu akimuuliza habari za mwanawe alijibu, "Yuko dukani kwake, alhamdulillahi," akatulia. Ndipo siku moja msafiri mmoja akaleta sidii. Mjomba amejirekodi kwa kamera ya kompyuta ili mamake amwone uso.

Ijumaa baada ya Alasiri Mama alipika kaimati na kuchemsha kahawa ya tangawizi. Bibi akavaa leso mpya na kukaa mbele kabisa. Bi Mwanamkasi naye akaja, na majirani wengine wawili watatu. Twaha akaingiza sidii. Badala ya Mjomba, likaja dirisha dogo la kijivu lenye maneno ya Kiingereza. Twaha akajaribu tena. Likarudi lile lile. Aliwaeleza kwamba picha ile imehifadhiwa kwa muundo wenye wenyewe, kampuni isiyotoa ufunguo wake bure, na Linux yetu haikupewa. Hakuna aliyemwelewa.

"Sasa hii ni kompyuta gani isiyojua hata kucheza sidii?" Bi Mwanamkasi akauliza huku akicheka, na wenzake wakacheka. "Ileteni kwetu basi, yetu itacheza."

"Ahsante jirani," Baba akasema. "Hapa hapa itacheza."

Bibi aliinuka. Alikunja leso yake vizuri, akaenda chumbani. Kaimati zikabaki kwenye sinia. Nilitamani sakafu inimeze.

Kuanzia hapo mimi na Twaha tukawa wasafiri wa Mlaleo. Tunapakua faili saibani, tunalitia kwenye flashi, tunarudi mbio. Bubu analisoma, kisha anasema hawezi kulipokea bila faili jingine. Tunarudi. Lile jingine nalo linamtaka nduguye. Ilikuwa kama kumposa binti ambaye kila ukifika unaambiwa kuna ami mwingine hajaridhia. Jua la saa saba, kandambili zinanata kwenye lami, jasho linatuchuruzika. Yule kijana wa saiba alifika mahali pa kutucheka akituona tu mlangoni.

Hatimaye, uso wa Mjomba ukatokea kwenye skrini, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Twaha akaisimamisha papo hapo, kwa kuwa Baba alikuwa amekataza mtu yeyote asiitazame kabla ya Bibi. Tulipiga kelele za furaha, Mama akaja mbio na mwiko mkononi.

Hapo ndipo Baba alipotaka kufuta aibu yake. Akaamua kuwaita wote waliocheka, na wengine zaidi.

Mama alimsihi. "Baba Twaha, tuitazame wenyewe kwanza."

"Walioiona ikishindwa, waione ikicheza," Baba akajibu.

Chumba kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye kizingiti. Bi Mwanamkasi alipewa kiti. Twaha akabonyeza, na Mjomba akajaa skrini nzima, midomo ikitangulia, sauti ikifuata nyuma kidogo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akaiitikia kompyuta, na watu wakatabasamu.

"Mama, nataka unisamehe," Mjomba akasema. "Nimewadanganya. Sina duka. Sijawahi kuwa nalo. Naosha magari ya watu hapa, na tunalala kumi chumba kimoja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Naona haya kurudi mikono mitupu."

Nilimwona Mama akiinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Sikuweza kumtazama mtu machoni.

"Zima!" Baba akanong'ona.

Twaha akabonyeza huku na huku. Ile picha iliyotutesa ili icheze, sasa haikutaka kuzimika. Baba akainuka kwenda kuchomoa waya ukutani. Bibi akanyoosha mkono na kumzuia.

"Wacha aseme mwanangu."

"Lakini mama, watu..." Baba akaanza.

"Watu wana nini? Nani alowambia nataka duka? Mimi namtaka Salim." Kisha akamgeukia Twaha. "Ikisha, mrejeshe tena mwanzo nimsikie."

Tukaisikiliza yote, tukairudia tangu mwanzo kama alivyotaka. Wageni waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga sana. Bi Mwanamkasi ndiye aliyebaki nyuma. Alikusanya vikombe, akaenda uani akavisafisha kimya, akavipanga, akamshika Mama bega, ndipo akaenda kwake.

Sitasema kwamba maneno ya Bibi yalituponya mara moja. Baba kwa muda mrefu alizunguka njia ya nyuma kwenda msikitini. Shuleni wasichana waliniuliza mjomba ameosha magari mangapi leo, nami nikalia chooni. Lakini Mama alimpelekea Mjomba ujumbe wenye maneno ya Bibi vile vile, bila kupunguza. Mwezi wa Ramadhani uliofuata Mjomba alirudi, na begi moja. Bibi alimpapasa uso kwanza, kisha akamuuliza kama amefunga. Leo Mjomba anafanya kazi kwenye ghala Changamwe, ana mke na watoto, na Bibi alizikwa na mkono wa mwanawe ukiwa wa kwanza kumwagia udongo.

Siku hizi simu inacheza kila kitu, haikuulizi ufunguo wala ndugu. Vijana wetu hawajui kwamba sauti ya mtu iliwahi kutafutwa juani, faili baada ya faili. Wiki iliyopita nilimrekodia mwanangu aliye chuoni ujumbe mrefu wa sauti, namweleza hali ya nyumbani na jinsi babake anavyomkumbuka. Alipokuja likizo nikaona anavyozisikiliza jumbe zangu: kwa kasi maradufu, mtu anasikika kama kifaranga, kisha anajibu kwa picha ya kidole gumba.

Nikafungua mdomo nimkaripie, nikaona haya. Za shangazi yake, zile ndefu za kuanzia salamu mpaka habari za kuku, hata mimi huzipitisha hivyo hivyo.