Msalimie Kwanza Mwenye Kompyuta

Naikumbuka vizuri asubuhi moja, mwanangu, nilipokwenda Changamwe kutafuta kazi ya kompyuta katika ofisi ya serikali. Shati nilipigiwa pasi na mama, naye alikwisha kuwatangazia majirani wote wa Timbwani kwamba mwanawe anaajiriwa. Nilibeba vyeti vyangu vyote, nimevitia plastiki. Nilikuwa na maringo, sikufichi.

Msimamizi, mzee mmoja mpole, alivipokea akaviweka kando bila kuvifungua. Akanionyesha kompyuta ya karani mmoja mtu mzima. "Haipati mtandao. Itengeneze."

Nilivuta kiti nikaingia kazini. Nikabadilisha hiki, nikafuta kile, jasho likanitoka. Nusu saa ikaisha, mtandao haupo.

Nilipokuwa nakusanya vyeti vyangu, akaitwa mwombaji mwingine, Mwanajuma, binti aliyejifunzia ufundi kwenye kibanda cha redio cha ami yake. Hakuigusa mashine. Alimgeukia karani.

"Shikamoo, mama. Imeanza lini kukusumbua?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu jana, waliposogeza meza hii."

Mwanajuma akainama, akauchomeka waya uliochomoka nyuma ya meza. Basi. Mtandao ukarudi.

Nikalalamika kwamba huyu hana hata diploma. Yule mzee akanitazama kwa huruma. "Kijana, umekaa na mama huyu nusu saa nzima. Umemwamkia?"

Wallahi, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kazi akapata Mwanajuma, na ilikuwa haki yake. Nami nikarudi nyumbani nikamwambia mama yangu kuwa watanipigia simu. Maskini, wiki mbili nzima alikuwa haiachi simu mbali, na kila ikilia ananiita kwa furaha. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sasa mwanangu, nasikia serikali ya kaunti, unakoomba kazi, wanataka kuona unachoweza kufanya kabla ya kuuliza digrii, nawe unaogopa kwa kuwa ulijifunza mwenyewe hapo Kiembeni. Nenda. Msalimie anayeitumia mashine, muulize, msikilize mpaka amalize. Usilolijua, sema hulijui. Ukifaulu, usimdharau mwenye vyeti, naye alikesha akisoma.

Mungu akutangulie, akupe mikono myepesi na ulimi wa adabu. Na wakikukataa, usinitungie uongo wa simu. Njoo moja kwa moja kwangu, ulie ukitaka kulia, halafu tule. Nakupenda kabla hujaajiriwa.