Vioo Kumi na Viwili Kifudifudi

Kwenye maabara ile walimwita Mama Uso, na jina alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka kumi na minane kila mwanafunzi mpya alimsikia akifoka: "Uso juu, mwanangu! Uso juu!" Vioo alivyoviandaa, vipande vidogo vya kulazia seli, vilikuwa na mifereji upande mmoja, myembamba hata jicho halioni. Seli changa, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, zikilazwa humo hujinyoosha kufuata mfereji. Ukiziongezea dawa ya kuamsha jeni iliyolala, zinageuka kuwa seli za neva. Zikilazwa upande laini, hujikalia tu. Alama pekee ni kona iliyokatwa: lazima ikae kulia, ndipo mifereji iwe juu.

Basi siku moja mwalimu huyo wa uso alibana simu begani, akimsengenya wifi yake kwa dada yake, na umbea ulipomkolea akapanga vioo kumi na viwili kifudifudi. Hakuna aliyevikagua. Nani amkague Mama Uso?

Majibu yalipotoka, hakuna seli iliyogeuka kuwa ya neva, na Profesa mwenye utafiti alimgeukia mwanafunzi aliyepima dawa, binti mpole. "Umekosea vipimo," akasema, akamwondoa kwenye utafiti. Mama Uso aliujua ukweli alipokusanya vyombo: kona zote kushoto.  Badala ya kuita mtu, alifungua bomba akaviosha vyote, tena kwa sabuni nyingi. Mtu mzima huyo!

Siku tatu zikapita. Uso umeumbwa na haya, wanasema, lakini wake uliendelea kuwachekea watu kama kawaida, na hilo ndilo lililomtesa zaidi.

Siku ya nne binti alikuja kuaga. "Shikamoo, mama. Asante. Wewe peke yako hukunisema."

Badala ya kuitikia marahaba, Mama Uso alivuta kiti akakaa. "Usinishukuru, mwanangu. Dawa yako ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyevigeuza vioo, kisha nikaviosha nisijulikane. Nisamehe. Twende kwa Profesa sasa hivi, nikaseme mbele yako."

 Binti hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Nilirudia hesabu zangu mara ishirini, mama, sikuona kosa. Mwishowe nikajiambia basi, kosa lipo, mimi ndiye sina akili ya kuliona." Akafuta macho kwa kiganja. "Jana nilimpelekea Profesa barua ya kukiri kosa. Nimetia na sahihi."