Jicho la Mama Ramazani

Nakumbuka asubuhi moja kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, mwanangu, nilipomwambia mwanamke wa umri wa mama yangu ashushe mtandio wake ufunike jicho la kushoto, maana lingeharibu picha. Nilisema kwa upole, tena nikitabasamu. Neno baya likisemwa kwa upole linabaki kuwa baya, lakini wakati ule sikulijua hilo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimetoka Kindu, Kongo, na kamera ya marehemu baba niliyoifunga ndani ya kitenge. Kambini nilijulikana kwa picha za macho. Wasichana wenye wachumba Lilongwe walikuja kwangu, nikawaketisha mlangoni wautazame mwanga bila kupigwa na jua. Magotini niliwatandikia mfuko mweupe wa unga niliouchana, ili mwanga urudi juu uingie machoni. Niliwapaka wanja, nikaweka kioo cha kukuzia mbele ya kamera, nikasogea mpaka nikasikia pumzi zao. Kisha nasema, funga macho, nikifika tatu fungua. Jicho linalofunguka hapo hapo hung'aa hata kama mwenyewe alilala na njaa. Nilisifiwa mno, nawe unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mama Ramazani alikuwa jirani yangu. Alipotezana na mwanawe wa pekee tulipokimbia vita. Basi Mzee Selemani, aliyekuwa akileta sabuni na chumvi kutoka Lilongwe, akaja na habari kwamba kuna kijana huko huko mjini, mtaa wa Chilinde, anayeuza nguo za mitumba, anaitwa Ramazani, na anamtaja mama huyu kwa jina lake lote. Shida ni kwamba kijana hakutaka kuja. Alishaitwa mara mbili kuonyeshwa mama yake, mara ya pili akaenda hadi Mponela, na kote alikuta mwanamke mwingine. Alisema hana tena nguvu ya safari kama hiyo, aletewe picha kwanza. Mama naye hakuweza kwenda, miguu ilikuwa imevimba tangu ule mwendo wetu mrefu.

Jicho lake la kushoto lilikuwa na chamba, doa jeupe lililofunika nusu ya mboni. Mimi, fundi wa macho, nikalifunika. Nikapiga lile la kulia peke yake, karibu kabisa, na wanja wake. Picha ilitoka nzuri, sikudanganyi. Mama aliishika akacheka kwa haya, akauliza, "Ni mi huyu?"

Ningelijibu swali hilo kama swali, mambo yangekwenda vingine. Nililipokea kama sifa.

Baada ya juma moja Mzee Selemani, niliyempa aipeleke Chilinde, alirudi na picha ile ile mfukoni.

"Amekatala," alisema. "Anasema huyu hapana mama yake. Mama yake iko na alama kwa jicho. Na anasema nisimuletee tena kitu."

Nilingoja matusi. Mama Ramazani aliitazama ile picha, akanirudishia.

"Baba yake hakuniambiaga hii jicho ni mbaya," akasema polepole. "Mutoto naye hakusemaga. Ni we wa kwanza, mwanangu. Nilinyamaza juu ya kutaka mutoto anione muzuri."

Nililia mbele yake bila kujizuia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha jicho la mwenzangu, nusura nimkoseshe mtoto aliyekwisha kumzaa.

Nilimketisha mlangoni saa ile ile, nikamtandikia mfuko wangu wa unga. Safari hii sikuchukua wanja. Nilisogea na kioo changu nikapiga macho yote mawili, na mwanga nikauelekeza palepale kwenye chamba. Ilikuwa desturi yetu kumaliza filamu nzima ndipo tuipeleke mjini kusafishwa. Ile niliitoa ikiwa na nusu tupu, na asubuhi nikafuatana na Mzee Selemani hadi Lilongwe, picha ikasafishwa, tukaenda nayo Chilinde.

Ramazani alipotuona alikunja uso. "Mzee, si nilikuambia?"

Niliweka picha juu ya mashati yake. Alitazama, kisha akakaa chini, chini kabisa kwenye vumbi, nami nikamsikia akisema bila kumwelekea yeyote:

"Hii jicho haikuwaga inafungika muzuri. Nikiwa mutoto, nikiamka, naona mama analala lakini ananiangalia. Sikuogopaga kitu."

Akamwomba jirani amlindie nguo, akaniuliza gari za kwenda Dowa, upande wa kambini kwetu, zinapakilia wapi.

Mwanangu, kumpamba mtu si dhambi. Nimepamba macho ya watu miaka mingi baada ya hapo, na wanja naupenda hadi leo. Nanyi mna simu zenu zinazofuta chunusi na makunyanzi, futeni mkipenda, uzee wangu ndio nitawaomba muuache. Ninachokuusia ni hiki: usiwe wewe wa kwanza kumfundisha mtu kuonea aibu kitu ambacho wapenzi wake hawajawahi kukiona kibaya. Kabla hujasema "funika hapo," uliza kwanza nani anapapenda hapo. Na mtu akikunyamazia, usidhani amekubali, huenda anameza. Ukishakosea, kujikwaa si kuanguka, rudi siku hiyo hiyo, wala usingoje filamu iishe.

Mungu akupe jicho la kuwaona watu wazima wazima. Akukinge na sifa zitakazokufanya usitambulike nyumbani kwenu. Na popote maisha yatakapokutupa, asikose kuwepo mtu mmoja atakayekutazama na kusema, huyu ni wangu. Amina.