Barua Mbili za Mtihani wa Ukarani

Dada yangu ndiye aliyenisomesha. Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita, naye alikuwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne, tena kwa cheti ambacho walimu wake walisema kingemfikisha chuo kikuu. Hakwenda chuo. Aliingia kiwanda cha nguo upande wa Changamwe, akapanga chumba Chaani, na kwa miaka kumi na mitano akawa anashona mifuko ya nyuma ya suruali. Si suruali nzima. Mifuko ya nyuma tu, kutwa, na suruali zenyewe zikipakiwa melini hakujua zinakwenda kuvaliwa na nani.

Mimi nilimaliza sekondari, nikasoma diploma ya biashara, kisha nikarudi kukaa na mama Utange bila kazi ya maana. Nilipata kibarua katika saiba moja ya Junda, duka la kompyuta na intaneti. Nilichapa barua za watu, nikawajazia fomu, nikawatolea kopi za vitambulisho. Hapo ndipo nilipoliona tangazo: idara moja ya serikali ilitaka makarani. Aliyemaliza kidato cha nne angeweza kuomba, mradi hajatimiza miaka thelathini na mitano. Dada alikuwa amebakisha miezi mitatu.

Nilimpigia simu siku ile ile. Mara nyingi nimejikumbusha kwamba ni mimi niliyempigia, kana kwamba jambo hilo litanipunguzia lawama.

Maombi yalikuwa ya mtandaoni na yalidai anwani ya barua pepe. Dada hakuwa nayo. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea.

"Weka yako," aliniambia. "Kwani mimi na wewe ni wawili?"

Nikaweka yangu kwenye fomu zote mbili.

Pamoja na tangazo kulikuwa na silabasi. Niliitoa nakala mbili, moja yangu na moja yake. Ilikuwa na sehemu tano: Kiingereza na Kiswahili, hesabu, maswali ya kupima fikra, katiba na utawala wa kaunti, na habari za nchi. Maswali mia moja, dakika tisini, kila swali na majibu manne ya kuchagua. Ukikosea unakatwa robo alama. Unajibu kwa penseli, unatia weusi kwenye kiduara cha jibu lako.

Dada aliichukua silabasi ile kama mtu aliyepewa ratiba ya safari. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja Utange, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mama, akaketi mkekani na daftari lake. Siku za kazi alijisomea mbele ya cherehani. Alikuwa akinakili vifungu vya katiba kwenye vipande vya karatasi, anavificha chini ya kitambaa, na kila akimaliza fungu la mifuko anasoma kimoja. Asilimia, sehemu, uwiano, vyote alivikokotoa kwa kichwa, kwa sababu kiwandani alikuwa amezoea kukisia ni mifuko mingapi itatoka kwenye jora moja.

Nilimletea karatasi za mazoezi kutoka saiba. Tulizifanya pamoja, saa ya mama ikiwa katikati yetu, kisha tukabadilishana tukasahihisha. Kila Jumapili alinipita. Akipata themanini na nane, mimi nimepata sabini na moja. Akipata tisini, mimi sabini na tatu.

"Umelikimbilia swali," alikuwa akiniambia, akinionyesha kwa ncha ya penseli. "Lisome mpaka mwisho, mdogo wangu. Mwisho ndiko walikouficha mtego."

Mama alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni. Siku moja akauliza, "Na hii serikali yenye maswali mengi hivi, sisi tukiiuliza, hujibu lini?" Tulicheka hadi dada akajifuta machozi kwa leso.

Alikuwa amejitungia mbinu ya siku yenyewe. Unajibu kwanza unayoyajua, yenye shaka unayaruka na kuyawekea alama, halafu unarudi nyuma. Hata penseli aliifikiria. Aliikwaruza sakafuni hadi ncha ikawa butu, ili kiduara kijae kwa mkwaruzo mmoja. Alisema kila kiduara kinampunguzia sekunde mbili, na sekunde mbili mara mia si haba.

Barua zilikuja Jumanne asubuhi. Mtihani ulikuwa Alhamisi.

Zilikuja mbili, zimefuatana kwenye kioo cha kompyuta ya saiba, ya dada juu na yangu chini. Kila moja ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulitaja siku, saa, mahali na vitu vya kubeba. Ukurasa wa pili ulisema mpangilio wa mtihani umebadilika. Mtihani ungefanywa kwa kompyuta. Maswali yamekuwa sabini kwa dakika sitini. Sehemu ya habari za nchi imeondolewa, na mahali pake pamewekwa maswali kuhusu matumizi ya kompyuta. Na ukishabonyeza kuendelea, swali lililopita hulioni tena. Hakuna kurudi nyuma.

Niliusoma mara mbili. Mteja mmoja alikuwa amesimama pembeni akisubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa, nikamtolea, nikampa, akaenda zake. Kisha nikatoa barua yangu yote. Ya dada nilitoa ukurasa wa kwanza peke yake.

Sitasema nilipitiwa. Nilijua ninachokifanya. Nafasi zilikuwa chache na waombaji wamejaa kaunti nzima, na mimi kila Jumapili nilikuwa nikimwona mtu mmoja aliyekuwa na hakika ya kunishinda. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na diploma aliyonilipia yeye, na alikuwa akinipita kwa alama kumi na saba akiwa amechoka, ametoka kusimamiwa na msimamizi wiki nzima. Niliona aibu. Aibu ile ikageuka kitu kingine, na hicho kitu ndicho kilichoushika mkono wangu.

Nikampigia saa ya chakula cha mchana.

"Barua imekuja," nikamwambia.

"Alhamdulillahi!" Sisi ni wa kanisani, lakini neno hilo aliliokota kwa wenzake wa kiwandani na likamkaa mdomoni. "Imesemaje?"

"Alhamisi, saa tatu asubuhi. Tubebe kitambulisho na cheti."

"Basi?"

"Basi, dada."

"Hakuna jipya?"

"Hakuna."

Jioni ile na kesho yake kutwa, kila nilipokosa mteja, nilifanya majaribio kwenye kompyuta. Nilitafuta mitihani ya namna ile, nikaweka saa, nikajizoeza kuamua na kubonyeza bila kutamani kurudi nyuma. Karatasi ya dada nilimwachia mama, naye akampa alipopitia Utange Jumatano jioni.

Alhamisi tulikutana nje ya chuo kilichotajwa. Alikuwa amevaa sketi nyeusi aliyoishona mwenyewe na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo: penseli tatu zilizokwisha kutiwa ubutu, kifutio, kichongeo. Akatoa penseli moja akanipa.

"Najua wewe hukumbuki kubeba," akasema.

Niliipokea. Mpaka hapo nilikuwa bado na dakika kama ishirini za kumwambia. Ningeweza kumvuta kando na kumweleza walau kipanya cha kompyuta kinavyoshikwa. Tulizungumza habari ya mguu wa mama uliokuwa ukimuuma.

Langoni askari alituambia tuache kila kitu mezani. "Kalamu, penseli, vyote hapa. Mtihani ni wa kompyuta."

Dada alidhani anatania. Alitazama watu waliokuwa mbele yetu, akaona wanaingia mikono mitupu, akanigeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mwenziwe wa kushangaa naye. Nikajifanya nashangaa.

Walinikalisha safu mbili nyuma yake. Nilimwona alivyokiweka kiganja chote juu ya kipanya, kama anayelaza kitambaa ili kisikunjike. Mshale ulikuwa ukikimbia pembeni na kupotea. Alinyoosha mkono. Msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuja akainama.

"Mama, nakuomba unionyeshe tu pa kubonyeza," dada alimwambia kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kimya na sote tulisikia.

"Dadangu, hapa hatufundishi kompyuta. Mpangilio mlitumiwa."

"Mimi sikutumiwa."

"Kila mtu alitumiwa."

Kwa hiyo akaanza mwenyewe. Nilijibu maswali yangu na huku namtazama. Alipofika kwenye swali lenye shaka aliliruka, kama tulivyofanya mazoezi, kisha nikaona mabega yake yanashtuka alipotaka kulirudia na asilipate. Alijaribu tena. Akakaa kitambo bila kugusa chochote. Baadaye aliniambia kwamba saa ilipokwisha alikuwa amefika swali la thelathini na nne, na kwamba karibu yote aliyoyajibu alikuwa na hakika nayo.

Tulitembea pamoja hadi barabarani. Aliukumbuka mfuko wa penseli, akarudi kuuchukua, akatoka nao.

"Hawakusema," aliniambia.

"Hawakusema," nikajibu.

Majina yalitoka wiki sita baadaye. Langu lilikuwamo. Nilipoyasoma kwenye simu nikiwa uani Utange, dada ndiye aliyepiga vigelegele, akanikumbatia hadi akaninyanyua, akawaita majirani. Mwezi uliofuata alitimiza miaka thelathini na mitano. Hakuna aliyeitaja siku hiyo, hata mama.

Pengine ningenyamaza mpaka leo. Lakini nilipokuwa nimeshazoea kazi kidogo, nikikaa kwenye dirisha la kupokea fomu, dada alinialika Chaani. Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tulipomaliza kula alitoa daftari lake lile lile. Ndani alikuwa ameandika barua ya malalamiko, kwa mwandiko wake uliolala vizuri, kwamba waombaji kadhaa hawakuarifiwa juu ya mabadiliko ya mtihani. Alikuwa amezungumza na wanawake wawili wa kiwandani kwao waliofanya mtihani ule na kukwama kama yeye, na walikuwa tayari kutia sahihi.

"Wewe sasa uko ndani, unajua inavyopaswa kwenda," alisema. "Nichapie. Kama kuna haki, labda watatuita tena bila kuhesabu umri."

Nilijua barua ile ikifika, watafungua rekodi zao na kumwonyesha: ilitumwa Jumanne, kwa anwani hii. Anwani yangu. Basi hata kukiri kwangu hakukutoka kwenye dhamiri. Nilikiri kwa sababu nilikuwa nakaribia kukamatwa.

Nikamwambia yote. Nilimwambia nikiitazama sahani.

Nje kulikuwa na lori linarudi nyuma, linalia ile tiii, tiii, tiii, na dada alingoja hadi likamaliza.

"Ilikuja Jumanne?"

"Jumanne asubuhi."

"Na mtihani Alhamisi." Alihesabu kwa kidole mezani. "Cherehani ya umeme nilifundishwa siku moja. Siku moja, na kesho yake nikawekwa kwenye laini. Siku mbili zingenitosha."

"Nisamehe, dada."

"Ungeniomba," alisema. "Ungeniambia, dada, niachie hii. Ningekuachia. Unajua ningekuachia."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniliza, na machozi yangu yakamkera. Aliinuka akakusanya vyombo. Aliichana ile barua, taratibu, kwenye mstari wa kati wa daftari, na akaniambia wale wanawake wawili atajua mwenyewe la kuwaambia. Baadaye nilisikia kwamba wao, kumbe, hawakuwa wakisoma barua pepe zao. Walikuwa wametumiwa kama wengine. Aliyefichwa barua ni yeye peke yake.

Mwaka uliofuata kiwanda kilipunguza watu na dada akawa miongoni mwao. Alihamia Utange kwa mama, akaweka cherehani barazani, akawa anashona sare za shule na nguo za kwaya. Mama hajui, dada hakumwambia, nami sina moyo huo. Kwa hiyo tunaonana. Tunakaa kwenye mkeka mmoja wakati wa Krismasi, tunapokezana sahani, tunampeleka mama hospitali kwa zamu. Ananijibu nikimsalimu. Ile "mdogo wangu" sijaisikia tena. Huniita kwa jina langu, lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Kazini watu huja dirishani kuniuliza habari za mitihani. Wananiuliza itakuwa na sehemu ngapi, inakata alama ukikosea, ya penseli au ya kompyuta. Ninawajibu kila kitu, hata wasichouliza, hadi mwenzangu wa dirisha la pili hulalamika kwamba foleni yangu haisogei. Haijanisaidia.

Juzi nilipata barua ya kupandishwa cheo na nikaenda Utange kuwaambia. Mama alikuwa amelala. Dada alikuwa barazani akimpima mteja kiuno kwa utepe, pini mdomoni. Nilisimama nikiwa na bahasha mkononi. Aliniona.

"Kuna watu mbele yako," alisema. "Keti hapo, nimalize."

Nikaketi kwenye benchi, wa nne.